Ndimu Kabla ya Jua: Kuyalinda Mafuta ya Kamba Yasiharibike

Anayekausha kamba ili awauze ana maadui wawili, lakini mara nyingi anamjua mmoja tu. Anayejulikana ni bakteria, wanaoozesha nyama. Dawa yao ni barafu, chumvi, jua na moshi, na watu wa Pwani wanazijua dawa hizo tangu zamani. Asiyejulikana ni oksijeni, sehemu ya hewa hii hii tunayovuta, ambayo huendelea kuyashambulia mafuta ya kamba hata baada ya bakteria kukosa maji ya kuishi. Ndiyo maana kamba aliyekaushwa vizuri, mgumu, asiye na ukungu wala funza, anaweza kutolewa kwenye kiroba baada ya muda akiwa na ladha kali inayokwaruza koo, harufu inayokaribia ile ya rangi ya mafuta, na wekundu uliopauka ukaelekea unjano. Huyo hakuoza. Ni mafuta yake yaliyoharibika. Asidi za asili tulizo nazo jikoni, hasa ile iliyomo kwenye ndimu, zinaweza kuuchelewesha uharibifu huo kwa kiasi cha maana, lakini zina masharti: zitumike mapema, zitumike zikiwa hafifu, na zitiwe katika chombo kisichozisaliti. Masharti hayo yakivunjwa, asidi ile ile inaweza kuharakisha kile ilichoitwa kuzuia.

Wengi watasema kwamba kamba hana mafuta ya kuhangaikia. Ni kweli kwamba katika gramu 100 za nyama mbichi ya kamba mafuta hayazidi sana gramu moja, na mbele ya samaki kama vibua au dagaa hicho ni kiasi kidogo mno. Lakini uchache si ulinzi. La muhimu ni aina ya mafuta na mahali yalipokaa. Sehemu kubwa ya mafuta hayo imetandazwa katika kuta nyembamba za seli, kwa hiyo karibu yote yanagusana na maji, chumvi na madini yaliyomo ndani ya nyama. Tena humo mna asidi mafuta za jamii ya omega-3, zile zile tunazozisifu kwa afya ya moyo na ubongo. Sifa inayozifanya ziwe bora mwilini, yaani viungo vyake vingi legevu, ndiyo inayozifanya ziwe windo rahisi la oksijeni: moja ina viungo vitano vya namna hiyo, nyingine sita. Kisha ukaushaji wenyewe huyakusanya mafuta. Kamba mbichi ni maji kwa zaidi ya robo tatu ya uzito wake. Akikauka, mafuta yaliyokuwa katika kilo tatu au nne hubaki katika kilo moja. Kwa uduvi jambo ni zito zaidi, kwa sababu huliwa mzima pamoja na kichwa, na kichwani ndimo lilimo ini, lenye mafuta mengi na vimeng'enya vikali kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili.

Mafuta hayaharibiki kwa oksijeni kuyagusa tu. Uharibifu huenda kwa mnyororo. Molekuli moja ya mafuta ikinyang'anywa sehemu yake moja, hukamata oksijeni, kisha hunyang'anya jirani yake ili kujikamilisha. Jirani naye hufanya vivyo hivyo. Mazao ya kwanza ya mnyororo huo, yanayoitwa peroksidi, hayana harufu wala ladha. Mfanyabiashara anaweza kuwa na kiroba kizima ambacho uharibifu umeshaanza, na pua yake isimwambie lolote. Peroksidi hizo baadaye huvunjika na kuzaa aldehidi, na hizo ndizo tunazozinusa. Kinachofanya kazi hii iende mbio, katika kuanzisha mnyororo na katika kuzivunja peroksidi, ni vichocheo visivyo hai: chembe za metali, hasa chuma na shaba. Kiasi kidogo mno kinatosha, kwa sababu chembe moja haiishi kwa kufanya kazi. Humaliza hapa ikahamia pale. Na kamba ana shaba ya kuzaliwa nayo. Damu yake haibebi oksijeni kwa chuma kama yetu, bali kwa protini iitwayo hemosianini, iliyojengwa juu ya shaba. Anapochemshwa, protini za mwilini mwake hufumuka na sehemu ya metali iliyokuwa imefungwa ndani hupata nafasi ya kuzurura.

Hapo ndipo asidi ya sitriki, ile iliyojaa kwenye ndimu na limau, inapoonyesha thamani yake, na si kwa ukali wake. Molekuli yake ina mikono mitatu ya asidi na kiungo kingine cha pembeni, na kwa mikono hiyo huikumbatia chembe ya metali na kuizuia isikaribie mafuta. Asidi ya tartariki ya ukwaju nayo ina mikono miwili na viungo viwili vya pembeni, kwa hiyo inafanya kazi ya namna hiyo hiyo. Siki haimo katika kundi hili. Asidi yake ina mkono mmoja tu. Inaweza kuwazuia bakteria, inaweza kukata shombo, lakini haikamati metali kwa nguvu ya kutosha. Anayebadilisha ndimu kwa siki akidhani kwamba uchachu wote ni mmoja amebadilisha kazi yenyewe.

Kutokana na maelezo hayo utaona kwa nini nasisitiza maji ya ndimu yawe hafifu. Wengi hudhani kwamba kama kidogo kinasaidia, kingi kitasaidia zaidi. Lakini mikono ya asidi ya sitriki hushika metali vizuri pale inapokuwa imeachia chembe zake za hidrojeni, na katika maji makali sana huwa bado imezishikilia. Maji ya ndimu yaliyozimuliwa, yakikutana na nyama ya kamba ambayo kwa asili haiko mbali na katikati ya kipimo cha uchachu, hufika penye hali nzuri ya kufunga metali. Yakitiwa matupu, mambo mengine mawili hutokea. Metali nyingi zaidi huyeyuka na kutoka zilikokuwa zimejificha, na protini za nyama hukaza, zikamwaga maji yake; nyama inageuka nyeupe kabla ya kufika motoni, na baadaye inakuwa ngumu mdomoni. Kwa hesabu ya jikoni, lita moja ya maji ya ndimu ina kama gramu 45 za asidi ya sitriki. Kikombe kimoja chake kikichanganywa na vikombe vinane vya maji safi kinakupa nguvu ya nusu asilimia hivi, na hiyo yatosha kwa kamba wabichi.

Vitamini C inahitaji tahadhari yake, kwa kuwa watu huisifu bila kuuliza maswali. Ni kweli kwamba huikamata oksijeni na kuyakinga mafuta. Lakini palipo na chuma au shaba huru, vitamini C ikiwa kidogo na peke yake huzirudisha metali hizo katika hali yake ya ukorofi kila zinapochoka, ikawa inamnoa adui panga. Usalama wake ni kuandamana na asidi inayozifunga metali kwanza. Ndimu kwa bahati imeumbwa hivyo: katika maji yake asidi ya sitriki ni nyingi kuliko vitamini C kwa zaidi ya mara mia. Unga wa ubuyu ni kinyume kidogo, una vitamini C nyingi sana kwa uzito wake, kwa hiyo sipendekezi utumike peke yake katika kuhifadhi kamba. Anayetaka kuutumia aukoroge katika maji ya ndimu yaliyozimuliwa, auchuje vizuri, na autumie bila kuuchemsha, maana moto huiua vitamini hiyo wakati asidi ya sitriki huuvumilia.

Sasa chombo. Asidi haijui kuchagua kati ya metali ya kamba na metali ya sufuria. Ukichemsha kamba kwa maji ya ndimu katika karai la chuma lenye kutu, au pipa la mafuta lililokatwa nusu, ndimu hiyo itakwangua chuma na kukipeleka moja kwa moja kwenye mafuta uliyotaka kuyaokoa. Chombo cha shaba kisichopakwa bati ni kibaya zaidi. Tumia sufuria ya chuma cha pua kwa kuchemshia, na ndoo ya plastiki ya chakula kwa kulowekea. Maji ya kisima yanayoacha rangi ya kutu kwenye ndoo nayo yana chuma cha kutosha kuharibu kazi. Yaache yatue, uyachuje, au utafute mengine. Hata chumvi iangaliwe. Chumvi kwa asili yake huharakisha uharibifu wa mafuta, na chumvi ghafi yenye rangi ya udongo huongeza uchafu wa metali juu yake. Hili halina maana ya kuiacha chumvi, kwa kuwa inawazuia bakteria. Maana yake ni kuchagua iliyo nyeupe na safi, na kutoitia kana kwamba wingi wake ndio dawa.

Kwa kamba wa kukausha, ushauri wangu ni huu. Wawekwe kwenye barafu tangu wanapotoka majini, kwa sababu vimeng'enya vya ini huanza kuyakata mafuta muda mfupi baada ya kamba kufa, na mafuta yaliyokatwa huharibika upesi. Wakubwa wakatwe vichwa siku hiyo hiyo. Uduvi, ambaye hakatiki, asilale hata usiku mmoja bila kuchemshwa. Katika sufuria tia kikombe kimoja cha maji ya ndimu kwa kila vikombe 15 vya maji, na vijiko viwili vya mezani vya chumvi safi kwa kila lita, uyachemshe ndipo utie kamba. Ndimu iwemo tangu mwanzo wa kuchemsha, isingoje mwisho, kwa sababu ni katika dakika hizo za moto ambapo metali hufunguka, na mfungaji anatakiwa awepo mlangoni zinapotoka. Kamba wakishajikunja na kuwa wekundu wote, dakika mbili tatu kwa wadogo, waopolewe, wachujwe, waanikwe. Kipimo hiki ni hafifu kuliko kile cha kulowekea wabichi kwa makusudi, kwa kuwa joto huongeza nguvu ya asidi juu ya nyama.

Uanikaji wenyewe unaweza kubatilisha kila kitu. Mwanga wa jua huanzisha minyororo mipya ya uharibifu, na joto huiongezea kasi. Kwa hiyo jua linatakiwa mwanzoni, kamba wakiwa wamelowa na hatari kubwa ikiwa ni kuoza. Wakishakauka juujuu, wamalizie kivulini penye upepo, au chini ya kitambaa cheusi kilichoinuliwa juu ya chanja ili hewa ipite. Chanja, si mchangani. Uduvi aliyeanikwa mchangani hubeba mchanga na uchafu ambao hakuna ndimu itakayouondoa. Na usimkaushe kupita kiasi. Wapo wanaodhani kwamba kadiri kamba anavyokauka ndivyo anavyodumu, lakini mafuta yana tabia yake: unyevu kidogo sana unaobaki hufanya kazi ya kuyafunika, na kamba aliyekaushwa mpaka anasagika vidoleni ameachwa na mafuta wazi. Anayefaa huvunjika kwa mlio lakini hageuki unga.

Anayegandisha naye asidhani kuwa friza imemaliza kazi. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bakteria husimama, lakini oksijeni haisimami. Inapunguza mwendo tu, na miezi ikipita kamba hupauka na kupata ladha ya zamani. Kamba wabichi walowekwe katika maji ya ndimu ya kikombe kimoja kwa vinane, yaliyopozwa kwa barafu, kwa dakika 10 hadi 15, wachujwe vizuri, kisha wagandishwe. Wakishaganda, wachovywe haraka katika maji baridi sana yenye ndimu kidogo na kurudishwa kwenye friza, ili kila mmoja avae ganda jembamba la barafu. Ganda hilo ndilo ukuta kati yake na hewa, na ndimu iliyomo ndani yake inalinda mahali ambapo hewa hugusa kwanza.

Atakuja mtu na kusema kwamba wazee walikausha kamba bila ndimu na wakala vizuri. Hilo ni kweli, na lina sababu. Kamba wao wengi waliliwa karibu na walikovuliwa, kabla mnyororo haujafika mbali, na wengi walipitia moshi. Moshi wa kuni una fenoli, ambazo nazo hukata mnyororo wa uharibifu, kwa hiyo wazee walikuwa na kinga yao. Lakini leo kamba hukaa ghalani chini ya bati wakingoja bei, husafiri kwenda miji ya bara, na wanunuzi wengi hawataki harufu ya moshi. Aliyebadilisha njia ya soko abadilishe na njia ya kuhifadhi.

Mwingine atauliza kama unga wa asidi ya sitriki unaouzwa madukani ni wa asili. Tangu 1919 kampuni ya Pfizer ilipoanza kuitengeneza kwa kutumia kuvu mmoja anayekula sukari, sehemu kubwa ya asidi ya sitriki duniani haitoki tena kwenye matunda. Molekuli ni ile ile, na metali haiulizi ilikotoka. Kama ndimu ni ghali, gramu tano za unga wa daraja la chakula kwa lita moja ya maji zinalingana na kile kipimo cha kulowekea, na zina faida ya kutobadilika kama ndimu zinavyobadilika kwa msimu. Ninachokikataa ni kuweka dawa za salfaiti mahali pa ndimu bila mnunuzi kujua. Dawa hizo hutumika kuzuia madoa meusi kwenye magamba, na kwa kamba waliogandishwa wabichi kanuni za kimataifa za Codex zinaruhusu si zaidi ya miligramu 100 za dioksidi ya salfa kwa kilo ya nyama inayoliwa, kwa sababu zinaweza kumletea mwenye pumu mshtuko wa hatari. Madoa meusi ni kazi ya kimeng'enya, si ya mafuta. Lakini kimeng'enya hicho nacho kinategemea shaba, na hivyo asidi inayofunga shaba husaidia pande zote mbili.

Wanaotafuta njia mbadala wamekwenda mbali zaidi ya ndimu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Prince of Songkla, Thailand, walichapisha kazi yao juu ya asidi ya feruliki, inayopatikana kwa wingi kwenye pumba za mchele na nafaka nyingine. Kamba weupe waliolowekwa katika asidi hiyo na kuwekwa kwenye barafu walipata madoa machache, na vipimo vya kuharibika kwa mafuta yao vilipanda polepole kuliko vya kamba wasiolowekwa. Asidi za aina hii hazikamati metali tu. Zinajitoa zenyewe kwa zile molekuli zinazonyang'anya, na mnyororo hukatikia hapo. Karafuu za Pemba na Unguja nazo zina vitu vya jamii hiyo kwa wingi. Naona hapa pana nafasi ya kweli kwa vyuo vyetu vya uvuvi kufanya majaribio na kamba wa Rufiji, wa Bagamoyo na wa Ghuba ya Ungwana, kwa sababu malighafi zote ziko nyumbani. Kwa sasa, karafuu hubadilisha ladha waziwazi, na kwa muuzaji mdogo bado ndimu inabaki mbele kwa urahisi na kwa kuzoeleka mezani. Uchachu kidogo unaobaki hupotea katika mchuzi wa nazi, ambao wengi huukamulia ndimu hata hivyo.

Kinga hiyo ina mpaka, na ni haki kuusema wazi. Asidi huchelewesha, haifuti. Kamba aliyeanza kunuka mafuta mabaya hawezi kurudishwa kwa ndimu, na anayemlowesha ili kuficha harufu anamuuzia mwenzake kitu kilichokwisha haribika. Vivyo hivyo kumpaka rangi kamba aliyepauka. Wekundu wa kamba unatokana na rangi ya asili iitwayo astaksanthini, ambayo yenyewe huungua mapema ikiyakinga mafuta. Unapofifia, unamwambia mnunuzi kwamba akiba ya kinga imepungua. Rangi ya kupaka humnyima onyo hilo. Nguvu hafifu ninayoisema haiui bakteria wa baharini kwa uhakika, kwa hiyo barafu, kuchemsha na ukavu vinabaki palepale. Wala haiwezi kushindana na kiroba cha sandarusi kinachopitisha hewa na mwanga kutwa. Kamba wakipoa kabisa, wafungwe katika mifuko mizito isiyopitisha hewa, hewa ikiwa imekamuliwa, midogo kiasi cha kutosha kwamba ukifungua mmoja unauza wote. Mifuko iwekwe gizani, mbali na bati.

Usiniamini kwa maneno matupu; pima mwenyewe kabla ya kubadilisha kazi yako yote. Chukua kamba wa mtego mmoja, uwagawe nusu kwa nusu, uwachemshe katika sufuria mbili za aina moja, moja ina ndimu na nyingine haina, uwaanike chanja moja na kuwafunga katika mifuko inayofanana. Weka alama chini ya mifuko, kisha iache mahali penye joto, ili majibu yaje upesi. Kila wiki toa kamba wachache wa kila upande, uwatie katika bakuli mbili, uwamwagie maji ya moto, ufunike kwa dakika chache, kisha mwite mtu asiyejua ipi ni ipi anuse na kuonja. Akiichagua ile ya ndimu wiki baada ya wiki, umeshajua kama gharama ya ndimu inarudi kwa bei unayouzia. Asipoona tofauti, kagua kwanza kutu ya sufuria na maji uliyotumia, halafu mifuko, kabla ya kufikiria kuongeza ndimu.